Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani



Mwalimu mkuu anapostaafu, shule humfanyia hafla. Hema hufungwa uwanjani, kwaya huimba, wazazi humletea mbuzi na blanketi, na diwani hachelewi kuomba kipaza sauti. Siku chache kabla, ofisini, imefanyika shughuli isiyo na makofi: funguo zimehesabiwa mezani, faili zimekaguliwa, muhuri wa shule umerudishwa kwenye droo, na mtu mwingine ametia sahihi kwamba amevipokea vyote. Jumatatu kengele hupigwa kama kawaida. Wanafunzi husimama mstarini, mwalimu wa zamu hutoa matangazo, na yule aliyedamka kwa ajili yao miaka nenda miaka rudi yuko nyumbani, amekwisha vaa viatu, hana pa kwenda.

Hata sisi ambao hatujawahi kushika chaki tunaijua siku hiyo. Mwenyekiti wa jumuiya huchaguliwa mwingine mahali pake. Mama huinjika chakula cha watu wanane, kisha hukumbuka kwamba mtoto wa mwisho ameshaolewa. Cheo kikiondoka, wewe hubaki na nini?

Nikilitafakari swali hilo, namkumbuka Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Angeweza kuzeekea huko kwa heshima zake. Mwaka 1928 aliyaacha hayo, akaja Kenya kupitia Church Missionary Society na kuwa mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu. Mwaka 1940 akahamia Alliance High School, Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Vijana wengi waliopita mikononi mwake walikuja kuwa mawaziri, wakuu wa idara za serikali na walimu wakuu katika Kenya huru.

Mwaka 1962 alistaafu. Wengi wangemtarajia apande meli arudi kwao, akapumzike na kuandika kumbukumbu zake. Yeye alikwenda Pumwani, mtaa wa walalahoi mashariki mwa Nairobi, akaingia Pumwani Secondary School kuwa mwalimu wa kawaida.

Tukae hapa kidogo, mpendwa. Mwalimu wa kawaida husoma ukutani vipindi alivyopangiwa na mwingine. Huandika azimio la kazi, akalipeleka likaguliwe. Hubeba rundo la madaftari ya kusahihisha, na akiwa na dharura huomba ruhusa. Haya ndiyo maisha aliyoyapokea mtu ambaye, kwa zaidi ya miaka 30, wengine ndio waliobisha hodi mlangoni pake. Aliendelea kufundisha hapo mpaka alipofariki, mwaka 1966.

Sisi husema cheo ni dhamana. Ni rahisi kumkumbusha jirani neno hilo. Kwetu wenyewe, mara nyingi cheo huwa kama koti lililovaliwa siku nyingi mpaka mwenyewe akasahau kwamba aliazima. Likidaiwa, huona kana kwamba anavuliwa ngozi. Pengine ndiyo sababu wengine hugombana na waliowarithi, na wengine huliacha kanisa kwa kuwa hawaitwi tena meza ya mbele. Nisiwalaumu. Kuachia kunauma, na Mungu anaujua uchungu huo.

Lakini hebu tumwangalie Bwana wetu. Katika sura ya 13 ya Injili yake, Yohana anasimulia jinsi Yesu alivyowaosha wanafunzi miguu, na kabla ya kutaja maji anatuambia kwamba Yesu alijua alikotoka na anakokwenda. Mpangilio huo una siri yake. Mtu anayejua yeye ni wa nani haogopi kushika beseni. Je, wewe unaogopa kazi gani kwa kuhofia watu watakuonaje?

Wala sitaki nikuchoree malaika. Carey Francis alikuwa mtu mkali wa nidhamu, na alikuwa Mwingereza wa zama za ukoloni, pamoja na mambo ambayo macho ya zama hizo hayakuyaona. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa. Kijana huyo alipata kimbilio shuleni, na shule yenyewe ilikuwa ndani ya mfumo uleule wa kikoloni uliobomoa kwao. Ukubwani aliikosoa elimu ya kikoloni bila kumung'unya maneno. Hata hivyo, katika kitabu chake cha kumbukumbu za Alliance kilichotoka mwaka 2012, hakumfanya mkuu wake wa shule kuwa zimwi. Alimwandika kama mtu, na ukali wake na uadilifu wake.

Hapo naona njia ya msamaha iliyo wazi kwetu sote. Kusamehe hakutudai tuseme kwamba jeraha halikuwepo. Kunatuomba tuusimulie ukweli wote: fimbo tuitaje, na mkono uliotushika tukijifunza kuandika tuutaje pia. Je, yuko mzazi, mwalimu au kiongozi aliyekupa mema na maumivu kwa mkono uleule? Umewahi kumsimulia mtu zile sehemu zote mbili?

Wiki hii nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, tafuta kazi moja iliyo chini ya ngazi uliyozoea, uifanye vizuri bila kutangaza. Kama ulikuwa mhasibu, mfundishe hesabu mtoto wa jirani anayejiandaa na mtihani. Kama uliwahi kuiongoza kwaya, imba sauti ya pili na umfuate kiongozi mpya hata pale ambapo wewe ungefanya vingine. La pili, mtafute mmoja wa wale waliokulea. Ukiwa na la kumshukuru, mshukuru. Ukiwa na la kumsamehe, anza kwa kumwombea. Moyo ukiwa bado mzito, usijilazimishe kumaliza yote kwa siku moja. Kesho nayo ni siku ya Bwana, na uaminifu huo mdogo wa kila siku ndio anaoutumia kutukomaza.

Mungu akubariki, akupe furaha katika kazi iliyo mbele yako leo, yenye cheo au isiyo na cheo. Amina.