Nuhu, Yusufu na Maji ya Tana

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni, bara ya Lamu Mashariki, kikitazamana na kisiwa cha Kiwayu. Mto mkubwa hakuna, na visima vingi vya ukanda huu hutoa maji ya chumvichumvi. Ndiyo sababu watu hutegemea jabia: uwanja uliosakafiwa kwa saruji na kupewa mteremko, unaopokea mvua na kuimwaga kwenye birika kubwa. Masika ikija vizuri, birika hujaa na ndoo hushuka kwa miezi. Masika ikikosa, maji ya kunywa huwa ya kununua. Kwa anayechota jabiani, mvua kubwa ni rehema tupu.

Kusini-magharibi, upande wa Mto Tana, mvua, iwe ya masika au ya vuli, huwa na sura nyingine. Novemba 2023 mto huo ulivunja kingo na kukata barabara ya Lamu kwenda Garsen karibu na Gamba, abiria wakavushwa kwa boti mahali ambapo siku zote hupita mabasi. Masika ya 2024 maji yakarudi, na familia nyingi za Garissa na Tana Delta zikahamia kwenye mahema. Hao ndio waliokuwa wametoka kuzika mifugo yao: tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imekosa.

Swali linalofuata ni la zamani, na bado linauma. Ikiwa mvua ni moja na Mwenye kuiteremsha ni mmoja, kwa nini huyu ajaziwe birika na yule abomolewe nyumba? Wako wanaojibu haraka: waliofurikiwa wamekosa jambo. Jibu hilo lina sura ya ucha Mungu, lakini mto wenyewe haulikubali.

Tana huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na kusafiri takriban kilomita 1,000 hadi Kipini. Kuanzia Garissa kushuka chini, hakuna tawimto linaloujaza mwaka mzima. Kwa hiyo mkulima Mpokomo wa delta anaweza kuona maji yakipanda shambani mwake chini ya anga jeupe, siku nyingi baada ya mvua kunyesha juu ya mashamba ya chai asiyowahi kuyaona. Wala mafuriko hayo hayafanani kutoka mahali hadi mahali. Juu, mto hupanda kwa ghafla na kushuka upesi. Chini, ambako kingo ni fupi na nchi ni tambarare, maji hutapakaa. Kina hupungua, lakini hukaa kwa majuma. Mahali mtu alipojenga ndipo panapoamua atakutana na mafuriko ya aina gani, na maji hayo huwafikia waumini na wasioamini kwa pamoja.

Mkono wa binadamu nao umo. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo lenye hifadhi kubwa kuliko yote. Tangu hapo mafuriko ya wastani yamepungua. Hayo ndiyo yaliyomwagilia mpunga wa Wapokomo na kuotesha nyasi ambazo ng'ombe wa Waorma huzikimbilia wakati wa kiangazi. Mafuriko makubwa kabisa hayakuzuiwa, kwa kuwa bwawa lililokwisha kujaa halina pa kuweka maji mapya. Mtu wa delta amepungukiwa na maji aliyoyahitaji, na yale anayoyaogopa bado yanamfikia.

Hesabu ya miaka nayo ina fumbo lake. Harold Edwin Hurst, mtaalamu wa maji kutoka Uingereza aliyefanya kazi Misri kwa miongo mingi, alichunguza rekodi za Mto Nili, zikiwemo za kipimo cha kisiwa cha Roda, Cairo, ambazo huanzia mwaka 622, mwaka wa Hijra. Mwaka 1951 alichapisha alichokiona: miaka ya maji mengi hufuatana, na ya maji machache hufuatana, kwa muda mrefu kuliko bahati tupu inavyoweza kueleza. Mwaka 1968, mwanahisabati Benoit Mandelbrot na mtaalamu wa maji James Wallis walizipa tabia za mito majina mawili. Ile ya kuleta tukio moja kubwa kupita kiasi waliita ya Nuhu. Ile ya kupanga miaka ya neema na ya dhiki kwa mafungu waliita ya Yusufu.

Tana unazo tabia zote mbili. Wazee wanaukumbuka mwaka 1961, wana wao wanakumbuka El Niño ya 1997, wajukuu watasimulia 2023 na 2024. Wahandisi wakisema "mafuriko ya miaka mia", maana yake ni kwamba kila mwaka una nafasi moja kati ya mia ya kuyaleta. Anayeishi miaka sabini ana nafasi karibu nusu ya kuyaona walau mara moja, awe mwema au mwovu. Na hali ya hewa inapobadilika, hata hesabu hiyo haitabaki ilivyo.

Atakayepinga ana hoja nzito. Kurani yenyewe inasimulia gharika ya watu wa Nuhu, na mafuriko yaliyoharibu bustani za watu wa Sabaa huko Yemen, nchi ambayo familia nyingi za Lamu hutaja kuwa asili yao. Ni kweli. Lakini katika visa hivyo hukumu imetamkwa na wahyi, na wahyi umekatika. Leo hakuna imamu wala jirani mwenye haki ya kusimama mbele ya hema la aliyefurikiwa na kumsomea sababu. Bwawa la Marib la Sabaa nalo lilikuwa kazi ya mikono: maandishi ya mawe yameeleza jinsi mtawala Abraha alivyolikarabati katikati ya karne ya sita. Liliishi kwa kukarabatiwa.

Hadithi mashuhuri inasimulia kwamba Ijumaa moja mtu alimwomba Mtume awaombee mvua. Ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata wakamlilia kwamba nyumba zinaanguka, naye akaomba mvua iwapishe, iende vilimani na mabondeni. Waliomba mara mbili, na hakuna aliyeulizwa dhambi yake. Mvua ileile ilikuwa jibu la dua Ijumaa ya kwanza na msiba Ijumaa ya pili.

Yusufu naye hakuishia kutabiri. Alijua miaka saba ya neema inakuja na saba ya dhiki inafuata, akaweka akiba na kuigawa. Kisa chake hakisemi kwa nini kipimo hakikuwa sawa. Kinasema aliyejua mapema alifanya nini. Katika bonde la Tana, ujuzi wa mapema upo. Anayesimamia mabwawa huona kina kikipanda siku kadhaa kabla ya maji kufika Garsen, muda wa kutosha kuhamisha wazee, mbuzi na magunia ya mpunga. Ujuzi huo ni amana ya watu wa chini, na kuuchelewesha ni dhuluma hata kama mvua ni kadari.

Mkokoni nayo haiko nje ya jambo hili. Msimu unaojaza birika lake ndio uleule unaofukuza watu Tana Delta, na barabara ikikatika Gamba, hata unga na vitunguu vya Lamu Mashariki hupanda bei. Waliopokea rehema katika mvua hiyo ndio wenye zamu ya kwanza ya kutoa: mchele, maturubai, au boti na nahodha anayejua kuvusha watu usiku.