Ndama Kisimani

Somo: Kutoka 23:4-5, Zaburi 50:10-11



Wengi wenu mlikuwepo asubuhi ile ndama wa ndovu alipoanguka kwenye kisima changu. Usiku kundi lilikuwa limemaliza mahindi yangu, nusu eka yote, mpaka mabua. Kulipopambazuka likaondoka, likamwacha mtoto shimoni, maji yamemfika mabegani, analia. Jirani mmoja akasema, "Mwache huyo. Wao wametuhurumia lini?" Siwafichi, hata mimi nilikuwa na hasira kama yeye. Lakini ile sauti sikuiweza. Nikapigia KWS simu, na tukiwangoja tukaanza kuchimba ukingo kwa majembe ili apate pa kukanyaga. Kufikia saa nne tulikuwa tumemvuta kwa kamba, na jioni mama yake akaja kumchukua. Asingekuja, mtoto angepelekwa Reteti, kule Namunyak, kituo cha wenyeji wa Samburu kilichofunguliwa 2016 kulea ndovu yatima. Huko wananyweshwa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wa vijijini.

Nilijisikia vizuri sana. Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Dada mmoja hakupiga. Mnamjua, mumewe aliuawa na ndovu alfajiri akitoka kumwagilia shamba. Baada ya maombi akaniambia polepole, "Mzee, pale kisimani nilihesabu watu arobaini. Kwangu, baada ya mazishi, walikuja wangapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo wiki tatu.

Mwanzoni nilitafuta kujitetea kwa Neno. Kutoka 23 inatuagiza tumsaidie punda aliyelemewa na mzigo, hata kama mwenye punda anatuchukia. Nikasema, ndovu ndiye huyo punda. Lakini punda ana mwenyewe, na ukimwinua mnaweza hata kupatana na huyo mwenyewe. Ndovu ni wa nani? Tukikasirika tunasema ni wa serikali. Zaburi ya 50 inasema wanyama wote wa msituni ni wa Mungu. Sawa, ndama yule alikuwa wa Mungu. Yule mume naye alikuwa wa nani? Na wale watoto wake watatu?

Wala sisemi ndovu wanatuonea. Burat iko katikati: Lewa huko juu, Buffalo Springs na Samburu huko chini, na Mto Isiolo unapita kwetu. Walipita hapa kabla ya mifereji yetu, na sasa mji nao unakuja na ploti zake na nyaya. Katika ukame wa 2022, kati ya Februari na Oktoba peke yake, ndovu 205 walikufa nchini. Mnyama mwenye kiu hufuata maji, kama ng'ombe wetu tu. Mwambie mjane hivyo. Ni kweli, na haimsaidii kitu. Sheria ya 2013 nayo imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama pori. Ni haki yake. Ila pesa haziamki usiku kupiga madebe.

Basi nilikosea wapi? Si kisimani. Akianguka mwingine kesho, nitamvuta tena. Wako wanaosema huruma kwa mnyama inapunguza huruma kwa mtu, kana kwamba ni debe la mahindi linaloisha. Mimi naona ile asubuhi ilitufichua. Kamba zilikuwepo, majembe yalikuwepo, watu arobaini walikuwepo, tena kabla ya chai. Miezi yote ile tulikuwa tukimwambia dada huyu tuko bize, tutamwombea.

Huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka, na ndovu anawaogopa nyuki sana. Fundi amemaliza mizinga 12, na Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza kwa shamba la dada yetu. Kazi ni kuchimba mashimo ya nguzo. Njoo na jembe lile lile. Nilikwenda kumwuliza kwanza kama anakubali. Akasema nyuki wakae mbali na mbuzi wake, na chai atapika mwenyewe.