Maarifa ya Mji ni Amana

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mwanafunzi asiyetumia aliyofundishwa. Katika makala haya twataka kuielekeza kwa mtafiti wa miji, na kuuliza swali la maadili: mtu aliyegundua jambo liwezalo kuokoa nyumba na roho za watu, je, ametimiza wajibu wake akisha kuliandika tu?

Swali hili si la kubuni. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa muda wa miaka 10, na wengi wamejenga mahali ambapo mpimaji hajafika. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha jijini. Hatari ya bonde lile haikuwa siri. Wataalamu waliijua kwa vipimo vyao, na wakazi waliijua kwa alama za tope zilizobaki kutani kila masika. Ila maarifa ya hawa na maarifa ya wale yalikaa mbalimbali, kama majirani wasiosalimiana.

Utengano huu una historia. Mipango mikuu ya jiji ya 1949, 1968 na 1979 iliandaliwa na makampuni ya kigeni, la kwanza la Uingereza na yaliyofuata ya Kanada, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Haitupasi kuidharau kazi hiyo, kwani ilikuwa na utaalamu mwingi. Lakini fundi mwashi wa Manzese au Buguruni, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiujenga mji, hakuweza kuisoma. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili kuikuza lugha yetu; hata hivyo, hadi leo ripoti nyingi kuhusu maji, taka na makazi yetu huandikwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba haielewi. Mpango usiosomeka kwa mjenzi ni sawa na taa iliyowashwa ndani ya sanduku.

Huenda msomi akajitetea: “Kazi yangu ni kutafuta ukweli, kuueneza ni kazi ya wengine.” Utetezi huu una uzito, maana mtu mmoja hawezi kuwa mtafiti, mhubiri na mhandisi kwa wakati mmoja. Lakini na tutazame asili ya maarifa yenyewe. Mtafiti wa miji hakuyaokota njiani. Alipewa na mama aliyemwonyesha maji yalipofika, na mzee aliyemweleza mkondo wa zamani wa kijito. Watu hawa walimpa wakati wao na siri za nyumba zao bila malipo. Katika mila zetu kitu kilichotolewa kwa namna hiyo huitwa amana, na amana hairejeshwi kwa kufungiwa kabatini. Mwenye kuikalia si mwizi, lakini pia hawezi kuitwa mwaminifu.

Yapo mambo yaonyeshayo kwamba njia nyingine inawezekana. Katika miaka ya 1990, huko Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, wakazi walishirikiana na wahandisi na wataalamu kuchimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa wao, ambao hapo awali ulisumbuliwa na mafuriko. Mwaka 2015 ilianza kazi iliyoitwa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mitaani pamoja na wenyeji, wakichora nyumba, mitaro na mahali maji yanapotuama. Hapo mwenyeji hakuwa mtu wa kuhojiwa tu. Alikuwa mwalimu pia.

Hata hivyo, lazima tuseme jambo zito zaidi. Ramani moja yaweza kuleta mtaro, na ramani hiyo hiyo yaweza kuleta tingatinga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sababu yake ni njema. Baada ya mafuriko ya 2011 baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi zikabomolewa. Hatuandiki haya ili kumhukumu yeyote, maana kumwacha mtu azame nako ni ukatili. Twasema tu kwamba mtafiti anayempelekea mtawala maarifa, bila kumwambia kwanza mwananchi aliyeyatoa, anaweza kumfanya mwananchi huyo ashuhudie dhidi yake mwenyewe pasipo kujua. Kwa hiyo kushirikisha watunga sera hakutoshi. Amana irudi kwanza kwa mwenyewe, kwa lugha yake, ili watakapokutana na diwani na afisa wa mipango miji, wote waketi wakiwa wanajua.

Wajibu haumwelei msomi peke yake. Kiongozi aliyeletewa habari za ufa akangoja hadi ukuta uanguke hawezi kusema hakuambiwa. Fundi naye, akisha kuelezwa kina cha msingi au upana wa mtaro, hana ruhusa ya kupunguza kwa sababu hakuna anayemwona. Tena msomi asipinde matokeo yake ili yampendeze mkubwa, wala asiyarahisishe mpaka yakawa uongo. Kusema kwa lugha nyepesi si kusema nusu ya ukweli.

Walimu na wanafunzi mnaosoma kurasa hizi mna nafasi yenu katika jambo hili. Shule nyingi zimo katika mitaa ambayo maji hupita kila masika. Mwanafunzi aliyejifunza jiografia aweza kupima mteremko wa mtaro wa mtaani kwake, kisha akamweleza mwenyekiti wa mtaa kwa Kiswahili safi alichokiona na asichokuwa na hakika nacho. Akifanya hivyo atakuwa amejifunza zaidi ya jiografia: atakuwa amejifunza kwamba kujua ni kudaiwa. Mji hujengwa kwa saruji na mawe, lakini husimama kwa watu kuambiana ukweli kabla mvua haijanyesha.