Nyumba na Nyota za Karatasini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu! Wachina wana elimu ya kale iitwayo feng shui, maana yake "upepo na maji," ambayo kwayo hupima nyumba ipi ina heri na ipi ina nuhusi. Ndani yake mna fani ya "nyota zirukazo," nayo siku hizi yatufikia mikononi kwa simu. Yatupasa tuijue kwanza, kwani kuhukumu pasipo kujua ni dhuluma.

Kazi yake ni hivi. Mpimaji hushika dira, akatazama nyumba imeelekea wapi katika mielekeo 24. Kisha huchora mraba wa visanduku 9, akatia katikati namba ya zama. Zama moja ni miaka 20. Namba zifuatazo huzirusha kwa mpango mmoja: kaskazini-magharibi, magharibi, kaskazini-mashariki, na kuendelea mpaka mraba ujae. Kisha huongeza namba za uso wa nyumba na za mgongo wake, hata kila kisanduku kikapata namba tatu. Namba 2 wasema ni maradhi, namba 5 ni msiba. Nyota hizo hazionekani mbinguni kwa jicho. Ni namba juu ya karatasi.

Wala msicheke mkasema, hayo ni ya watu wa mbali. Mraba ulio asili ya hesabu hiyo ni huu: 4, 9, 2, 3, 5, 7, 8, 1, 6, kila safu jumla yake 15. Je, hamuutambui? Ndio ule ule wa vitabu vyetu vya hirizi, na namba zake za pembeni, 2, 4, 6 na 8, kwa hesabu ya abjadi ndizo herufi za neno Baduhu. Twamcheka jirani, na talasimu yake i shingoni mwa watoto wetu!

Sasa pimeni kwa akili. Tangu mwaka 2004 namba 8 ilikuwa mfalme wa utajiri. Ilipofika 2024 ikauzuliwa, ufalme ukapewa 9. Nyumba ni zile zile, halikuondolewa hata jiwe moja. Na katika mraba wa zama hii, 9 ikikaa katikati, namba 5 ya msiba yaangukia kaskazini. Na kaskazini ndiko kibula chetu watu wa pwani hii! Basi tugeuze mihirabu?

Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume, naye yumo katika huzuni, aliwakataza neno hilo: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua lenyewe ni hivyo, namba ya wino itakuwaje?

Madhara yake twayaona. Mtu auguliwa na mtoto, aambiwa mlango wake una nuhusi; avunja ukuta kwa fedha ya dawa, na mtoto azidi kuugua. Mwingine amwacha mke mwema kwa kuwa nyota zao, eti, hazipatani. Siku ya Kiama ataulizwa nani, nyota au yeye?

Ndugu, ukitaka kujenga, iko ramani iliyo bora. Kisima kiwe mbali na choo. Maji yasituame uani yakazaa mbu. Madirisha yapokee kaskazi na kusi. Ukuta wako usimzibie jirani njia, na fedha yako iwe ya halali. Kisha waulize mafundi, sali rakaa mbili za istikhara, umtegemee Mola wako. Nyota tumepewa tuongokee njia katika giza la bara na bahari, kama wajuavyo manahodha; hatukupewa tuziogope majumbani mwetu.

Ewe Mola, zibariki nyumba zetu kwa kukutaja Wewe, na utuepushe na kumwogopa asiyekuwa Wewe. Amin.