Usingizi wa Mtoto katika Picha ya Bellini

Mnamo 1500, au miaka michache baadaye, Giovanni Bellini wa Venezia alimchora Bikira Maria ameketi chini kwenye majani, Mtoto Yesu amelala uchi magotini pake. Picha hiyo imo National Gallery, London. Mpita njia huona amani tupu: joho la buluu limetanda kama mlima, kichwa cha mama ndicho kilele, viganja vimekutana katika sala. Lakini amani hiyo ina kifo ndani yake. Mtoto amelazwa vilevile kama Kristo aliyeshushwa msalabani anavyochorwa mapajani mwa mama yuleyule. Na kushoto, juu ya mti mkavu, ndege mweusi ametua.

Mbele ya picha hii, mtu wa Pweto, mji wa Katanga nchini Kongo, ana haki ya kukasirika. Desemba 2000 mji huo ulipotekwa vitani, maelfu walikimbilia Zambia. Baadaye eneo la kati ya Pweto, Mitwaba na Manono likaitwa pembetatu ya mauti. Je, utulivu huu si dhihaka kwa mama aliyefiwa huko? Ungekuwa dhihaka kama Bellini angekificha kifo. Amekiweka nyuma ya mama, tukione sisi, kisha akamwacha mama aendelee kusali. Fundisho hilo ni gumu: sala haimfukuzi yule ndege. Hata hivyo nalipendelea kuliko mahubiri yanayoahidi kwamba anayeomba sana hafiwi.

Wengine watasema huyo ni Maria wa Wazungu. Mbona Bellini naye hakumwacha Bethlehemu? Alimketisha kwenye mashamba ya kwao Veneto, nyuma kuna ng'ombe na mji wenye kuta za Kiitalia. Basi mchoraji wa Lubumbashi hakatazwi kumketisha ufukoni mwa ziwa Mweru, pale mto Luvua unapoanzia, akiwa amejifunga kikwembe. Hata ndege mweupe anayepigana na nyoka katika picha hiyohiyo, ambaye wasomi wa Ulaya humwandikia kurasa nzima, Katanga hana ugeni: Pilipili Mulongoy, wa karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés Lubumbashi mwaka 1946, alichora sana ndege na nyoka. Sura, nguo na nchi vyote vinaweza kubadilishwa. Ulalo wa mtoto hauwezi. Mchoraji akimwamsha na kumchekesha atapata picha ya kupendeza sebuleni, ila mama atakuwa hana tena sababu ya kusali namna ile.