Safu Moja, Masinia Mbalimbali



Kusimama bega kwa bega hakutugharimu kitu. Imamu akituambia tunyooshe safu, tajiri na hamali wanagusana miguu. Swala ikiisha, kila mmoja anavaa makubadhi yake na kushika njia yake. Halafu tunajisifu kwamba Uislamu hauna matabaka. Kweli, Uislamu hauna. Sisi je?

Pale Madina palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume, rehma na amani zimshukie. Alifariki, masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume ndiye aliyeona hayupo. Akauliza, akawalaumu kwa kutomwambia, kisha akataka aonyeshwe kaburi, akaenda kumswalia huko huko. Sasa yule mzee anayetujazia maji ya udhu, asipoonekana Ijumaa mbili, nani kati yetu anaijua nyumba yake? Nani anajua hata jina la baba yake? Msinijibu, nimeshaona mnavyotazamana.

Na tusiseme hayo ni ya masahaba, hatuyawezi. Lamu alikuwapo Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija. Kwa nasaba yake angekaa na waungwana wa mtaa wa Mkomani na hakuna ambaye angemhoji. Yeye akaenda mtaa wa Langoni, akawasomesha watoto wa waliokuwa watumwa na wageni wasio na ukoo mjini, akawapa matari wapige maulidi. Wakubwa wa mji walimpinga, wengine kwa hoja za dini, ingawa mimi nadhani kilichowauma zaidi ni kuona nani anafundishwa. Hakurudi nyuma. Alifariki 1935, na hadi leo kila Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, watu wanamiminika kwenye msikiti wake wa Riyadha huko Lamu.

Lakini hasa nilitaka kusema juu ya harusi zetu. Mtume amekitaja chakula cha walima, karamu ya harusi, ambayo huitwa matajiri na kuachwa masikini, kuwa ni chakula kiovu kabisa. Nyama imechinjwa kihalali, mchele ni wa halali. Uovu uko kwenye orodha ya wageni. Nasi siku hizi tumezidisha: asiyetoa mchango hapati kadi. Masikini, ambaye walima ni haki yake, tumemgeuza mdaiwa.

Basi wenye shughuli mwezi huu, nawaomba. Hamali wako usimpelekee sahani iliyofunikwa kwa mlango wa nyuma. Mwalike kwa jina lake, umkalishe kwenye sinia unalolia wewe na wakwe zako, na mchango usimdai.

Na nyinyi wazazi mnaouliza mposaji ni mtoto wa nani kabla hamjauliza kama anaswali, nanyi nina maneno yenu. Tukijaaliwa, Ijumaa ijayo.