Haki ya Vinavyooza

Katika fikihi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika mwambao na visiwa vyetu, zaka ya mazao huwajibika kwa yale tu yaliyo chakula cha kutegemewa na yanayokubali kuwekwa ghalani: mpunga, mtama, mahindi na mfano wa hayo, pamoja na tende na zabibu. Kilichonyweshwa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi; kilichomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hilo. Embe halimo. Shelisheli halimo, wala fenesi, wala mchicha, wala bilingani. Imamu Abu Hanifa alikuwa na rai nyingine, kwamba karibu kila kilimwacho kina haki ndani yake, hata mboga. Sisi tulirithi ile ya kwanza, na kitu kibichi kikabaki nje ya hisabu.

Sina nia ya kuingia katika mabishano ya mafakihi. Huo si uwanja wangu. Linalonishughulisha ni swali lililojificha nyuma yake. Kinachowekeka kimewekewa sheria, labda kwa kuwa mwanadamu hukilimbika na kukifungia mlango. Kinachooza, je, kina haki ya nani?

Nadhani kwa karne nyingi swali hili halikuwa na haja ya kuulizwa. Mwenye mshelisheli uliozaa kupita kiasi hakuwa na njia ila mbili: agawe, au anuke. Mvuvi aliyerudi na vibua tele jioni, pasipo barafu, alijua kwamba hadi alfajiri mali yake ingekuwa uvundo. Kwa hiyo aliyesaidia kuvuta chombo alipata kitoweo, na mjane wa nyumba ya tatu naye alipelekewa chake. Kuoza kulikuwa wakili wa jirani.

Wakili huyo ameachishwa kazi. Yamekuja mafriji, barafu, magari ya kubeba mapema na mahoteli yenye kulipa vyema, na kilichokuwa hakivuki jua moja sasa kina maisha marefu. Pweza aliyekuwa mboga ya mnyonge leo ana bei inayomfanya mnyonge amtazame tu. Simlaumu mvuvi, kwani naye ana ada ya skuli ya kulipa. Nasema tu kwamba fungu la jirani, ambalo hapana aliyeliandika popote, limepotea bila ya mtu hata mmoja kuamua kuliiba.

Mwaka 2020 tulionyeshwa jambo hili kinyumenyume. Wageni walipokoma kuja kuanzia mwezi wa Machi, mahoteli yakafunga milango, na samaki na mboga zilizokuwa zikienda huko zikakosa mnunuzi mkubwa. Mtu angesema, basi, sasa tutashiba. Lakini waliopoteza soko na waliopoteza mshahara walikuwa nyumba moja. Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umasikini na njaa, alieleza kwamba watu wanaweza kufa njaa chakula kipo, ikiwa njia yao ya kukifikia imekatika. Haya hayahitaji Bengal ya mwaka 1943 kuyafahamu. Yatosha kusimama chini ya mwembe ulioangusha, ukanusa.

Atasema msemaji: kumpa mtu kilichokuwa kitakuoza si ukarimu, ni kumpa kilichokushinda. Hoja hii ina nguvu, ila haitofautishi siku. Embe lililochumwa asubuhi na kupelekwa asubuhi, na embe lile lile lililokaa siku nne mpaka likatoka madoa ndipo likakumbukiwa mwenziwe, ni zawadi mbili zisizokuwa na udugu. Ya kwanza yampa jirani haki ya kuchagua: ale leo, aweke, au naye ampe mwengine. Ya pili yamkabidhi haraka ya mtoaji, na pengine kazi ya kutupa pia.

Sisi wafasiri wa nyaraka hukutana mara kwa mara na kaya "zisizo na uhakika wa chakula". Istilahi hii ni safi mno, haina harufu. Bibi zetu walisema: fulani jiko lake halikuwaka. Nao waliona, kwa sababu moshi ulikuwa khabari ya mtaa mzima. Leo gesi haitoi moshi, kuta zimepanda, na yapo mapishi yasiyopikwa ambayo hatuyajui. Gesi ni neema kwa vifua vya mama zetu, sitaki kueleweka vingine. Lakini jicho la zamani limepofuka, na jipya hatujalipata.

Tuna methali isemayo, funika kombe mwanaharamu apite. Aghalabu tunaitumia kwa siri na aibu zetu, na ni vyema, lakini tuisikilize kama ilivyo: kuna kombe la chakula, na kuna mtu anapita. Nani kasema kuwa anayepita ni mwanaharamu? Huenda ana njaa tu. Ajabu ni kuwa kile kile kifuniko, kawa la ukili, ndicho tunachokifunikia sahani inayopelekwa kwa jirani wakati wa futari, ili asijue mpita njia iwapo mna kingi au kichache, wala nani kampa nani. Mkono mmoja hufunika ili usitoe, mwengine hufunika ili usimfedheheshe anayepewa. Siku hizi misaada hutolewa makawa yakiwa wazi, mbele ya kamera.

Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alishuku iwapo msaada wa tajiri wastahiki kuitwa wema hata kidogo, kwa kuwa uwezo wake wa kutoa mara nyingi umetokana na dhulma iliyompendelea. Hakuwahi kupokea bakuli la Kiswahili, ambalo halirudi tupu. Aliyepewa samaki hurejesha bakuli na ndimu tatu, au kifungu cha mchaichai cha uani. Ndimu hizo si malipo, hazifikii hata jicho la samaki yule. Lakini mtoto aliyezibeba amebisha hodi kama mleta kitu, na mwenye nyumba hana budi kusimama, kupokea kwa mikono miwili, na kusema ahsante.